Makadirio ya Bajeti Yawekwe Maktabani



Nyaraka zinazoamua kodi, ardhi na barabara za Wakenya hutolewa karibu kila wiki, lakini ni chache mno zinazofika kwenye maktaba za umma. Makadirio ya bajeti ya kaunti, mpango wa maendeleo wa miaka mitano, ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu na Gazeti Rasmi la Serikali huishia kwenye tovuti, kwenye kabati za ofisi au mikononi mwa wawakilishi wadi. Mwananchi asiye na simu ya intaneti, au aliyeishiwa na bando, hubaki na habari za kuambiwa. Lawama hii inaziangukia serikali za kaunti, kwa kuwa bajeti na mpango wa maendeleo ni vyao, na maktaba pia ni zao.

Katiba ya 2010 haikuacha jambo hili gizani. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na kinaitaka serikali yenyewe ichapishe na kutangaza habari muhimu zinazoligusa taifa. Kifungu cha 201 kinaagiza kuwa masuala ya fedha za umma yaendeshwe kwa uwazi na kwa kuwashirikisha wananchi. Jedwali la Nne nalo likazikabidhi kaunti jukumu la maktaba, katika orodha moja na makavazi, viwanja vya michezo na bustani. Kwa hivyo gavana anayewasilisha mpango wa maendeleo ndiye pia mwenye kusimamia chumba ambamo mpango huo ungesomwa.

Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakwenda mbali zaidi. Inaziagiza ofisi za umma kutoa habari bila kungoja kuombwa, kwa njia inayozingatia gharama, lugha ya mahali na mahitaji ya watu wenye ulemavu. Habari hizo lazima ziweze kukaguliwa na mtu yeyote bila malipo. Anayetaka nakala hulipia gharama ya kunakili tu. Zile ambazo hazijatolewa, mwananchi anaweza kuziomba kwa Kiingereza au Kiswahili, na ofisi ina siku 21 za kumjibu. Habari inayohusu uhai au uhuru wa mtu hutolewa ndani ya saa 48. Asiyejua kuandika husema ombi lake kwa mdomo, na afisa huliandika kwa niaba yake.

Tatizo ni pale haki hii inapokutana na kalenda ya bajeti. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka hufika katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Taarifa ya mkakati wa fedha hufuata kufikia Februari 28, kisha makadirio ya bajeti Aprili 30. Kufikia Juni 30 matumizi huwa yameidhinishwa. Kati ya makadirio na idhini kuna miezi miwili, muda unaotosha kabisa kwa mkazi wa wadi kujua kama zahanati yake imetengewa pesa au imerukwa. Lakini desturi iliyozoeleka ni tangazo la kikao cha maoni kutoka siku chache kabla, likiwa na anwani ya tovuti tu. Watu hufika ukumbini wakaonyeshwa slaidi kwa nusu saa, wakaandikisha majina na nambari za simu, wakanywa soda, na karatasi ile ya mahudhurio ikawa ushahidi kwamba umma ulishirikishwa.

Hali ndani ya maktaba hailingani na sheria hizo. Katika maktaba moja ya kaunti huku Pwani, meza zimejaa watahiniwa wa mtihani wa KCSE tangu asubuhi, nao mkutubi yupo na anajua kazi yake. Rafu ya vitabu vya serikali ina nakala ya Katiba iliyokwisha jalada, ripoti ya sensa ya zamani na majuzuu ya sheria ambazo nyingi zimerekebishwa tangu yachapwe. Makadirio ya mwaka huu hayapo, na ya mwaka jana hayakupata kuletwa. Mkutubi akiulizwa humwelekeza mtu kwenye ofisi za kaunti. Huko mlinzi humwuliza ana miadi na nani.

Hasara kubwa zaidi iko kwenye Gazeti Rasmi. Chapisho hili, lililoanza mwaka wa 1899, hutoka kila Ijumaa, na ndani yake mna mambo yanayomgusa mtu nyumbani kwake. Mtu akidai kwamba hatimiliki ya shamba imepotea, msajili wa ardhi hutoa ilani yenye jina la mmiliki, nambari ya kiwanja na ukubwa wake; siku 60 zikipita bila pingamizi, hatimiliki mpya hutolewa. Ilani za mirathi huwapa wanaopinga siku 30. Familia ya Kwale au Kilifi yenye shamba la marehemu babu inaweza kupitwa na muda huo bila kujua kwamba kuna mtu mjini aliyejitangaza kuwa mrithi. Kwenye mtandao gazeti lipo bure, lakini mzee asiyejua kwamba kuna ilani hana sababu ya kuitafuta. Nakala ya kila wiki mezani pa maktaba, pamoja na orodha fupi ya ilani za kaunti hiyo ikibandikwa mlangoni, ingeziokoa ardhi nyingi.

Watetezi wa mfumo wa sasa husema kila kitu kiko mtandaoni. Ni kweli kwamba huduma nyingi za serikali ya taifa zimehamia kwenye tovuti ya eCitizen, na kwamba mwaka wa 2024 vijana waliusoma Mswada wa Fedha kwenye simu, wakaufafanua kwa lugha za kwao kabla ya Rais kukataa kuutia saini. Lakini faili ya bajeti yenye mamia ya kurasa za majedwali haisomeki kwenye kioo cha simu, na tovuti za kaunti hubadilishwa, viungo vikakatika na hati za miaka iliyopita zikatoweka. Mwananchi huishia saiba, analipia kila dakika na kila ukurasa, na anayemhudumia hana wajibu wa kujua tofauti ya makadirio na matumizi. Mkutubi ana mafunzo ya kazi hiyo hasa. Ajabu ni kwamba Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, inapoorodhesha njia za kuwasiliana na umma, inataja runinga, tovuti, redio za kijamii na mikutano ya hadhara, lakini maktaba haimo.

Maktaba si jambo geni nchini. Ile ya Seif bin Salim ilianzishwa Mombasa mwaka wa 1903, na ya McMillan ikafunguliwa Nairobi mwaka wa 1931, ingawa kwa miaka mingi ya ukoloni Waafrika hawakuruhusiwa kuingia. Ndani ya McMillan zimehifadhiwa kumbukumbu za bunge na magazeti ya enzi hiyo. Msomaji wa leo anaweza kujua mle walowezi walibishania nini bungeni, lakini akienda maktaba ya kaunti yake hawezi kujua barabara ya mtaa wake imetengewa shilingi ngapi. Kwingineko hali ni tofauti: Marekani ilianza kuzitumia maktaba kama hazina ya nyaraka za serikali kwa azimio la Bunge la mwaka wa 1813. Leo maktaba zaidi ya 1,000 hupokea machapisho hayo kwa sharti kwamba mtu yeyote aruhusiwe kuyasoma bila malipo.

Marekebisho yanayohitajika hayana gharama kubwa. Kila bunge la kaunti lipitishe sheria kwamba siku hati ya bajeti inapowasilishwa, nakala mbili zilizochapwa zipelekwe katika kila maktaba ya kaunti, pamoja na muhtasari wa Kiswahili uliopangwa wadi kwa wadi. Nakala za miaka iliyotangulia zisiondolewe rafuni, ili ahadi ilinganishwe na matumizi. Gazeti Rasmi lifike kila wiki. Wakutubi wafunzwe kumsaidia mwananchi kuandika ombi la habari na, siku 21 zikipita bila jibu, kuandika malalamishi kwa tume inayosimamia Sheria ya Kupata Habari. Tangazo la kikao cha maoni litaje maktaba ambamo hati inasomwa, na litolewe wiki mbili kabla. Kikao kinachoitishwa bila hati kuwekwa maktabani kisihesabiwe kuwa ushirikishwaji wa umma.

Msomaji,
Mombasa