Mkono wa Mtoto Ndio Daftari Lake la Kwanza

Mtu apitaye asubuhi nje ya darasa la awali katika shule nyingi za nchi yetu hulitambua darasa hilo hata kabla ya kulifikia. Sauti za watoto hupaa kwa pamoja: a, e, i, o, u, kisha moja, mbili, tatu, mpaka ishirini. Mwalimu husimama ubaoni na kijiti chake, akionyesha herufi, na watoto huitikia kwa nguvu zao zote. Mgeni husimama kidogo, akafurahi, akaenda zake akiamini kwamba watoto wanasoma.

Lakini mtoto mmoja kati ya hao akiitwa pembeni na kuombwa alete vijiwe vinne, si ajabu akaleta konzi nzima. Ameukariri wimbo wa hesabu, ila hesabu yenyewe hajaijua. Ukweli huu mdogo ndio unaopasa kuwafikirisha wote waliokabidhiwa elimu ya Taifa, kwani nyumba ikikosewa msingi hairekebishwi kwa kupaka rangi kuta zake.

Hapana anayedai kwamba nyimbo na maitikio hayana nafasi darasani. Yana nafasi yake, na mtoto huyapenda. Linalopingwa ni kuyafanya kuwa ndiyo elimu yote. Mtoto wa miaka mitano hujifunza kwa kushika, kupima, kumwaga, kujenga, kubomoa na kuuliza. Kwake yeye namba nne haiwi kitu mpaka iwe maembe manne, vizibo vinne, hatua nne kutoka mlangoni hadi mtini. Baada ya mkono kuijua nne, jicho huitambua alama yake ubaoni bila taabu. Utaratibu huu ukipinduliwa, alama ikatangulia na kitu kikasahauliwa, anapatikana mtoto anayejua kuitikia asichokielewa.

Taifa hili halikuanza leo kulijadili jambo hilo. Mwezi Machi 1967, Mwalimu Julius Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea, alikemea dhana iliyorithiwa kwa wakoloni kwamba maarifa yote yenye thamani hutoka vitabuni, na kwamba shule ni mahali pa kumtenga mtoto na maisha ya jamii yake. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliitambua elimu ya awali kuwa sehemu ya mfumo rasmi. Sera ya mwaka 2014 iliifanya kuwa ya lazima, na tangu Januari 2016, ada zilipofutwa katika shule za umma, milango ilifunguka kwa watoto wa wakulima na wafugaji ambao hapo awali hawakuwa na pa kuanzia. Mtaala wa elimu ya awali nao unamtaka mwalimu amfundishe mtoto kwa vitendo na michezo, na kulipanga darasa kwa kona za kujifunzia. Kwa hiyo maandishi yapo. Kinachosubiriwa ni maandishi hayo kushuka kutoka kabatini hadi sakafuni, mahali watoto walipoketi.

Tuchukue mfano wa mada moja, ili pasiwe na mtu wa kusema kwamba haya ni maneno matupu. Mada yenyewe iwe ni soko. Siku ya kwanza mwalimu, akisaidiwa na wazazi wawili au watatu, anawapeleka watoto gengeni karibu na shule. Hawaendi kutembea tu. Wanaambiwa watazame: nani anauza, vitu vimepangwaje, vinapimwa kwa nini, watu wanasalimianaje kabla ya kuulizana bei. Siku ya pili kila mtoto anayeweza anakuja na kitu kimoja kutoka nyumbani: nyanya, kitunguu, limau, ndizi, konzi ya maharage ndani ya kikopo. Watoto wanavichambua kwa rangi, kisha kwa ukubwa, kisha kwa matumizi. Mmoja anaweka limau pamoja na ndizi kwa sababu zote ni za manjano. Mwingine anapinga kwa sababu limau ni chachu. Mwalimu mwenye busara hakati ubishi huo mapema, maana hapo ndipo fikra zinapozaliwa.

Siku ya tatu unaletwa udongo wa mfinyanzi. Watoto wanafinyanga matunda waliyoyaona, na vidole vinavyofinyanga leo ndivyo vitakavyoshika kalamu kesho bila kutetemeka. Siku ya nne soko linafunguliwa katika kona ya darasa. Vizibo vya soda ni fedha. Kijiti, kamba na vifuniko viwili vya makopo ni mizani. Mnunuzi anamwamkia muuzaji, anauliza bei, anaomba apunguziwe, analipa vizibo vitatu na kusubiri chenji. Siku ya tano watoto wanachora walichokifanya, mwalimu anaandika chini ya kila mchoro neno moja analolisema mtoto mwenyewe, na darasa linasimuliana hadithi ya mtu aliyekwenda sokoni na kapu lililotoboka.

Katika juma hilo moja watoto wamehesabu, wamelinganisha uzito, wamepanga vitu kwa makundi, wamejifunza maneno mapya, wamefuata foleni na wamepeana heshima. Aidha wameziona herufi zikifanya kazi, yaani zikilishika neno la mtu ili lisipotee. Juma linalofuata mada yaweza kuwa mbegu. Maharage yaleyale ya sokoni yanapandwa ndani ya makopo yenye udongo. Moja linamwagiliwa, jingine linaachwa kavu, na kila asubuhi watoto wanakwenda kutazama. Mtoto aliyeliona ganda likipasuka na jani likichomoza amepata somo la sayansi asilolisahau. Tahadhari nayo isisahauliwe: mbegu ndogo zahesabiwa zinapotolewa na zinaporudishwa, maana mtoto mdogo huweza kuitia pua au sikioni, na mikono hunawishwa kila kazi inapokwisha.

Wapo wasemao kwamba mambo haya ni anasa ya kigeni, yanayofaa shule za matajiri zenye midoli ya plastiki na mazulia. Historia inawakanusha. Daktari Maria Montessori, ambaye jina lake leo hubandikwa kwenye malango ya shule za ada kubwa, alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mwezi Januari 1907 katika San Lorenzo, mtaa wa makabwela mjini Rome, kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi maskini. Wala hakuna haja ya kwenda mbali kiasi hicho. Mtoto wa Kitanzania anayecheza mdako hurusha kijiwe juu, akavuta vingine kutoka shimoni, akarudisha asivyovihitaji, kwanza abakize kimoja, kisha viwili, kisha vitatu, kabla kile cha juu hakijatua. Hiyo ni hesabu ya kujumlisha na kutoa, tena kwa kasi. Kigari cha waya, mwanasesere wa gunzi na nyumba ya udongo ni ufundi na ubunifu. Jamii zetu zilikuwa na zana hizo kabla shule haijaja. Kilichotokea ni kwamba shule ilipokuja iliwaambia watoto waziache nje ya mlango.

Hata hivyo, haki itendeke kwa mwalimu. Kiwango kilichowekwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, lakini baada ya mwaka 2016 shule nyingi za umma zilijikuta na watoto 100 na zaidi mbele ya mwalimu mmoja, mara nyingine asiyefunzwa kwa kazi ya watoto wadogo. Kumwambia mwalimu huyo apeleke watoto wote sokoni ni kumfanyia dhihaka. Anaweza kuwagawa kwa makundi, kundi moja likawa chini ya mwembe na vijiti vyake huku jingine likifinyanga, na mzazi mmoja akashika zamu. Kamati ya shule yaweza kukusanya makopo, vizibo na magunzi kwa magunia bila kutoa hata senti. Lakini kujitegemea kusigeuzwe kisingizio. Kizibo cha soda hakichukui nafasi ya mwalimu aliyefunzwa, wala mwembe hauchukui nafasi ya darasa lenye paa wakati wa masika. Wenye dhamana ya ajira na bajeti wanao wajibu wao, na wajibu huo hauwezi kusukumwa kwa mwanakijiji.

Lipo jambo moja, hata hivyo, lisilohitaji bajeti, nalo liko mikononi mwa maofisa wa elimu na wathibiti ubora wa shule. Mwalimu hufundisha kile atakachoulizwa. Mgeni kutoka wilayani akiingia darasa la awali na jambo lake la kwanza likawa kuomba madaftari, atakuta madaftari yaliyojaa. Naye mwalimu atahakikisha yanajaa, hata kama ni kwa kuwashika watoto mikono. Afisa huyo huyo akiketi kwenye mkeka, akamwambia mtoto, "Niuzie ndizi mbili, kisha unieleze umebakiwa na ngapi," basi kabla ya mwezi kwisha kila shule ya kata hiyo itakuwa na soko lake. Azimio la kazi na andalio la somo ni mambo ya lazima, lakini thamani yake hupimwa kwa mtoto, si kwa wino.

Nao wazazi wasomi wajitazame. Mara nyingi watumishi wa umma na walimu wenyewe ndio wanaompeleka mtoto wa miaka minne kwenye shule inayompa kazi za kuandika nyumbani kila jioni, na kumtangaza kwa wageni kwamba tayari anahesabu kwa Kiingereza hadi 50. Hao ndio ambao mkulima huwatazama ili ajue elimu bora inafananaje. Wakiheshimu daftari lililojaa na kudharau mikono yenye udongo, mkulima naye atalalamika shuleni kwamba mwanawe anachezeshwa badala ya kufundishwa, na mwalimu aliyekuwa na nia njema atarudi kwenye kijiti chake na ubao wake.

Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji. Mwaka wa darasa la awali ni mmoja tu katika maisha ya mtoto, na ukishapita haurudi. Kazi iliyopo si kubwa kuliko uwezo wetu. Mwalimu afungue mlango zana ziingie, kamati ya shule izikusanye, Serikali iongeze walimu waliofunzwa, na ofisa anayekuja kukagua abadilishe swali lake la kwanza. Mtoto aliyeombwa vijiwe vinne akaleta vinne, kisha akaeleza kwa nini havikuwa vitano, huyo ndiye Taifa linayeweza kumkabidhi kalamu.