Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kisiuache ufundi

Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kilianza kama MIOME, taasisi ya kuwafundisha vijana Waislamu ufundi, iliyofungua madarasa mwaka 1951 kwa michango ya Aga Khan na Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1972 ikawa Mombasa Polytechnic, na 2013 chuo kikuu kamili. Kupanda huko ni fahari, lakini kijana wa Mackinnon Road, kando ya barabara kuu ya Mombasa hadi Nairobi, aonaye malori na mabehewa ya mizigo yakipita kutwa, anahitaji kwanza stashahada ya umeme au ya mitambo. Wapo wasemao kufundisha stashahada ni kazi ya vyuo vidogo. Sikubali: anayeanzia stashahada chuo kikuu huuona mlango wa digrii karibu. Kampasi ya Kwale tayari ipo. Wakuu wa chuo, ifikisheni karakana hadi Kinango, katika kaunti hiyohiyo ya Kwale, ili vijana kama huyo waifikie.