Mkono wa Majeruhi Usikatwe kwa Pupa

Wahenga waliposema kidole kimoja hakivunji chawa walihimiza umoja. Lakini kwa mtu aliyepigwa risasi mkononi maneno hayo hayana fumbo lolote. Aliyepoteza kidole gumba hashiki sawasawa kalamu, jembe wala chaki, hata kama vinne vingine vimesalia.

Risasi haitoboi tu. Hupasua mfupa vipande vipande, hukata kano na mishipa ya fahamu, na huingiza uchafu ndani ya nyama. Ndiyo maana kidonda cha namna hiyo hakipaswi kushonwa papo hapo. Daktari huondoa nyama iliyokufa, hukiacha wazi kwa siku kadhaa, ndipo hukifunga. Kuunda upya hufuata: mfupa hushikizwa kwa waya, ngozi huhamishwa kutoka mahali pengine mwilini, na kano hupandikizwa baadaye.

Maarifa hayo yalipatikana kwa gharama kubwa. Katika Vita Kuu ya Pili, Marekani ilimtwika Dakta Sterling Bunnell, mwaka 1944, jukumu la kuongoza tiba ya mikono ya askari wake. Bunnell alishikilia kwamba mfupa, kano, neva na ngozi ya mkono viwe chini ya daktari mmoja, badala ya kila bingwa kujitwalia kipande chake. (Ni ajabu kwamba jambo la wazi kiasi hicho lilingoja vita.) Mwaka 1966 madaktari wa Shanghai walihamisha kidole cha mguu kikawa cha mkono, wakiunganisha mishipa midogo ya damu, Uingereza ikafuata mwaka 1968.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya mataifa tajiri. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Darubini ya upasuaji ni ghali, na kipo kidole kilichoharibika kiasi kwamba kukikata ndiyo huruma. Lakini kuosha kidonda vizuri, kutokishona mapema na kuokoa kila sehemu hai ya gumba hakudai mtambo wowote.

Wala kisu si mwisho wa tiba. Kidole kisichofanyishwa mazoezi hukakamaa, na kazi yote ya daktari hupotea. Kwa hiyo afisa anayepanga ikama ya hospitali, anapotafuta nafasi ya kupunguza, asianze na ile ya mtaalamu wa mazoezi ya viungo.