KIPINDUPINDU SI MZIGO WA WIZARA YA AFYA PEKE YAKE

Agosti 2015 kipindupindu kilizuka Kinondoni, Dar es Salaam. Kufikia Aprili 2016 kilikuwa kimeenea sehemu kubwa ya nchi, Zanzibar ikiwemo: wagonjwa zaidi ya 20,000, waliokufa zaidi ya 300. Desemba 9, 2015 sherehe za Uhuru zilifutwa, Rais Magufuli akatoka kuokota takataka. Nchi nzima ikafagia. Kipindupindu kikaendelea kuua mwaka uliofuata.

Kwa nini? Kila kijana wa Manzese, Tandale na Vingunguti anajua. Mvua ikinyesha, watu hutapisha vyoo. Uchafu unaingia mtaroni, mtaro umeziba, kinyesi kinaishia kisimani. Bomba likikauka, tunanunua dumu tusilojua limejazwa wapi.

Sasa hesabuni wenyewe. Maji ni ya Wizara ya Maji. Takataka na mitaro ni ya manispaa, walio chini ya TAMISEMI. Viwanja ni vya Ardhi. Wizara ya Afya inabakiwa na nini? Dripu na maiti! Daktari anamponya mtu leo, kesho mtu huyo anarudi kwenye kisima kilekile. Huko ni kuteka maji kwa pakacha.

Wakubwa wakibanwa, kila mmoja anamsukumia mwenzake. Anayeadhibiwa ni mama ntilie na kijana wa matunda. Mgambo wanamwaga sufuria, kana kwamba yeye ndiye aliyekata maji!

Si kwamba haiwezekani. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliunganisha redio, elimu ya watu wazima, wataalamu wa afya na viongozi wa vijiji. Wananchi wakachimba vyoo. Waliofanya hivyo ni baba wa kisiasa wa hawa wanaotutawala. Watoto wameshindwa na nini?

Tunataka mambo mawili. Kwanza, kabla ya mvua, Maji, Afya, Ardhi na manispaa wakae meza moja, wakiwa na fungu moja la fedha na mkubwa mmoja wa kuwajibika, anayejulikana kwa jina. Pili, kipindupindu kikiua, mawaziri wa Maji na TAMISEMI wasimame bungeni kujibu pamoja na yule wa Afya.

Nanyi vijana, kwenye mkutano wa mtaa msiulize dawa tu. Ulizeni maji yatatoka lini na mtaro utazibuliwa na nani. Diwani akikosa jibu, mkumbukeni siku ya kura.