Usiniambie hospawa, nionyeshe mdomo wa mashine

Wiki jana msee tuliyesoma naye alinitumia picha kwa simu. Mashine nyekundu, magurudumu mawili, injini ya petroli, na maandishi makubwa ubavuni: hospawa 15, inchi 5. Akaniuliza, "Buda, hii itaweza kazi? Nataka kuichukua kesho." Jamaa amekuwa akikata miti na kupogoa nyua za watu Lavington na Kileleshwa kwa mwaka mmoja hivi, na amechoka kulipa pikapu ya kubeba matawi. Nikamwambia ashike pesa zake kwanza. Akanuna. Nadhani alifikiri namwonea wivu.

Sasa acha niyaandike hapa, maana si yeye pekee. Kila mwezi kuna msee ananiuliza swali hilo hilo, na kila mmoja anaanza na hospawa.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipogoma, nikaingia kwa kazi ya binamu yangu aliyekuwa na pawa soo mbili na ngazi. Kazi ya miti Nairobi ina pesa, lakini pesa hizo huliwa na matawi. Kuangusha jakaranda ni saa chache. Kuondoa ulichoangusha ni siku nzima. Magogo hayasumbui, wauza kuni huyapigania hata kabla hujashuka ngazi. Matawi ndiyo hayana mwenyewe. Unayarusha kwa pikapu, pikapu inaonekana imejaa, kumbe umebeba hewa. Unalipa mafuta hadi Dandora, unarudi kubeba hewa nyingine. Septemba 2023 petroli ilipopita Sh200 kwa lita, kuna kazi tulimaliza tukagawana nauli tu.

Ndiyo sababu kila timu inaota mashine ya kusaga matawi. Inabugia tawi upande huu, inatema vipande upande ule, na mzigo wa pikapu nne unatoshea moja. Hesabu inaingia akilini kabisa. Swali ni mashine gani.

Yangu ya kwanza ilikuwa ya hospawa 7. Nilitoa pesa za chama na akiba yangu yote, Sh90,000 na kitu. Muuzaji, ambaye sitamtaja, aliniingiza boksi vizuri sana. Alichukua kijiti kilichonyooka, unene wa mpini wa jembe, akakitia, kikapotea kwa sekunde mbili. Nikalipa hapo hapo.

Siku ya kwanza kazini ilikuwa ua wa kayaba. Kama unaijua kayaba, tayari unajua hii stori inaelekea wapi. Tawi la kayaba lina mikono kila upande na miiba mirefu kama kidole. Halikuingia. Mdomo wa ile mashine, pale ndani kabisa karibu na visu, ulikuwa mdogo kuliko kisahani cha chai. Ikabidi tuanze kulikatakata kila tawi kwa panga ndio lipite. Wasee watatu, panga tatu, na mashine inanguruma pembeni ikila mafuta bila kitu mdomoni. Saa nane mchana mwenye nyumba alitoka kutuuliza kama tumeamua kulala kwake.

Hapo ndipo nilielewa ile inchi ya kwenye tangazo. Inamaanisha unene wa juu kabisa wa mti mmoja, ulionyooka, mbichi, na laini. Miti ya Nairobi haijawahi kusoma hilo tangazo. Mkaratusi uliokauka ni chuma. Bogenvilia ni waya. Makuti ya mnazi na ya michikichi ya mapambo yana nyuzi zinazojizungusha kwenye ekseli hadi usimamishe kazi utoe kwa kisu. Kwa hivyo ukiambiwa inchi 5, mimi nakushauri ujihesabie inchi 3 za kazi ya kutwa, na zaidi ya hapo ni kuni, muuzie mama wa chakula.

Nenda dukani na futi kamba. Usipime ile faneli ya nje, hiyo wanaipanua ili uone mashine ni kubwa. Ingiza futi kamba ndani, injini ikiwa imezimwa na waya wa plagi umetolewa, upime koo lenyewe, upana na kimo. Tawi lenye panda haliingii kwa unene, linaingia kwa upana.

Kisha uliza: nani anavuta tawi? Mashine kubwa za kazi zina rola mbele ya visu, zinazoendeshwa kwa haidroliki. Rola zinashika tawi, zinaziponda zile panda, zinavuta zenyewe. Nyingi zina kifaa kinachosikiliza mwendo wa injini: ikianza kulemewa, rola zinasimama hadi ipate pumzi, halafu zinaendelea. Hiki kitu kimoja kinaokoa muda kuliko hospawa 5 za ziada. Bila rola, wewe ndiye rola. Unasukuma, unatingisha, unatoa, unageuza, siku nzima, na jioni mabega yamekufa.

Sisemi isiyo na rola ni takataka. Uingereza kuna watu wanafanya riziki na mashine kama GreenMech CS100, ambayo haina rola, inameza hadi milimita 100 na inapita kwenye geti la bustani. Lakini hiyo ina diski nzito na visu vilivyotegwa kwa pembe ya kuvuta tawi ndani. Uzito wa diski ndio unaoibeba kazi tawi gumu linapogonga. Nyingi za bei rahisi ninazoziona hapa zina diski nyepesi, ndugu wa ile mashine ya kukatia ng'ombe nepia, halafu zimepakwa rangi na kuandikwa "ya biashara".

Na tukizungumzia hospawa, hata hizo namba zina maneno. Chukua Honda GX390, injini ambayo fundi yeyote anaijua. Kwa miaka mingi iliitwa ya hospawa 13. Honda wenyewe walipobadilisha namna ya kupima, wakaiandika 11.7. Ni injini ile ile. Sasa wewe niambie ile nakala isiyo na jina, iliyoandikwa 15 kwa stika, imepimwa na nani? Kama injini ni ya aina ambayo kabureta na ringi zake utazipata Kirinyaga Road mchana huo huo, hiyo kwangu ina thamani kuliko stika.

Visu ndivyo hakuna anayeviuliza, na ndivyo vitakufilisi. Kisu butu hakikati, kinatafuna. Utajua kwa sababu vinatoka vipande virefu kama tambi na tawi linarukaruka mkononi. Kabla hujalipa, uliza visu vya akiba vinapatikana wapi na bei gani. Usikubali jibu la "fundi atakutengenezea". Mafundi wa Kamukunji nawaheshimu, wamenitengenezea hadi fremu ya trela, lakini kisu cha springi ya lori kwenye diski inayozunguka kwa kasi hiyo ni mchezo mbaya. Kimoja kikizidi mwenzake uzito, mashine nzima inatetemeka hadi bolti zinalegea. Na ukinoa, rekebisha lile pengo dogo kati ya kisu na fuawe, la sivyo umenoa bure. Sisi tulipoteza visu viwili asubuhi moja kwa sababu ua wa zamani ulikuwa umemeza seng'enge ndani ya shina. Siku hizi kabla ya ua wowote napita nikitafuta misumari na waya kama mtu aliyepoteza pete.

Hapa naomba usisome haraka. Binamu yangu alikuwa akisukuma kayaba kwa mkono, amevaa glavu ndefu za ngozi. Mwiba ulishika glavu. Ilienda. Mkono ulibaki kwa sababu glavu zilikuwa kubwa kumzidi, alikuwa ameazima. Mwenye rola mambo ni mabaya zaidi, maana rola huvuta zaidi ya futi moja kila sekunde na haziulizi kama ni tawi au ni sweta. Kwa hivyo angalia kama faneli ni ndefu kiasi kwamba mkono wako haufiki kwenye visu. Angalia kama kuna ile fito ya kusimamisha rola, uisukume mwenyewe dukani uone kama inafanya kazi. Simama pembeni, tanguliza upande wa shina, vijiti vifupi visukume kwa tawi lingine. Na ukizima injini, diski bado inazunguka kwa muda. Muuzaji anayekuonyesha mashine bila kinga ya macho wala ya masikio anakuambia kitu kuhusu hiyo mashine.

Kuhusu ile ndoto ya pili, ya kuuza vipande kwa wafugaji wa kuku kama maranda, punguza. Maranda ni makavu. Vipande vya tawi bichi vina maji, vinapata joto na ukungu vikirundikwa. Wenye vitalu vya miche watavichukua kama matandazo, mara nyingi kwa bei ya nauli. Furahia kwamba hukwenda Dandora.

Mashine nzuri yenye rola, hata mtumba, haianzi na pesa za vijana watatu. Hustler Fund ilipozinduliwa 2022, kikomo kwa mtu binafsi kilikuwa Sh50,000, hiyo hata trela hainunui. Ndiyo maana mimi nashikilia kwamba timu tatu au nne zingejumuika kununua moja ya maana, zigawane siku, badala ya kila mmoja kujinunulia mwanasesere wake. Najua ugumu wake. Nani atalipa kisu kikivunjika? Nani ataamka nayo Jumamosi, siku ambayo kila mtu ana kazi? Sisi tuliandika kwenye karatasi: anayeivunja analipa, na anayeirudisha bila mafuta analipa mara mbili. Tumegombana mara nyingi tu. Lakini kwa siku moja tunamaliza kilichokuwa kinatuchukua tatu.

Ile ya hospawa 7 ninayo bado, imefunikwa turubai nyuma ya nyumba Kawangware. Nimepata wateja wawili. Wa kwanza ana shamba la nusu ekari Ngong na anataka kusaga vijiti vyake vya bustani. Huyo nitamuuzia. Wa pili ni yule msee wa picha. Aliposikia ninayo alinipigia simu saa nne usiku, akaanza kuuliza bei. Nikamwambia kwanza aniambie upana wa tawi lake la kayaba.