Motokari ya jamaa na deni la kobalti



Jamaa zetu za Kamina, zikijaliwa akiba, hutafuta motokari iliyokwisha kutumika Japani, yenye viti saba au nane, ili wazazi, watoto na nyanya wasafiri pamoja. Sasa mwatuuliza: je, si afadhali ya umeme?

Tuanze na hesabu. Motokari ya umeme haidai petroli wala oili ya injini. Lakini yadai umeme wa hakika kila usiku, fundi anayeijua, na betri yenye nguvu. Iliyotumika miaka mingi betri yake imechoka, na kuibadilisha ni gharama kubwa. Jamaa isiyo na umeme wa kudumu ingoje, wala isione haya.

Lakini liko jambo zito zaidi. Betri za aina kadhaa huundwa kwa kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia hutoka nchini mwetu, hasa Kolwezi na kandokando yake. Huko wamo vijana walioacha shule ili wachimbe kwa mikono, na wengine wamefunikwa na udongo. Madini husafishwa China, kisha hurudi yakiwa motokari asiyoweza kuinunua mchimbaji.

Kuikataa kobalti hakutamlisha mchimbaji huyo. Tudai apate ujira wa haki na shimo lililo salama. Nanyi jifunzeni ufundi wa umeme, ili siku moja betri ziundwe hapa, na jamaa yake nayo ipande.