Usinunue Wati, Nunua Sauti

Ukipita Luthuli Avenue pale Nairobi, utakuta maduka ya vifaa vya sauti yakishindana kwa mdundo. Mlangoni kuna sabufa kubwa yenye taa za rangi, na boksi lake limeandikwa wati 10,000. Bei inaonekana sawa, unatoa simu, unalipa.

Hatuna shida na mtu kununua anachopenda. Lakini maoni yetu ni haya: kama unataka kusikiliza muziki, habari na filamu nyumbani, jozi ya spika ndogo za kuweka kwenye rafu itakupa thamani zaidi kuliko sabufa ya taa. Na iwe ni ipi kati ya hizo mbili, usiinunue kwa mkopo.

Mbona sisi watu wa pesa za simu tunaongea mambo ya spika? Kila mara tunakukumbusha ulinde PIN na ujihadhari na matapeli. Hiyo ni nusu ya kazi. Shilingi uliyoitolea jasho ikinunua kitu kibovu, nayo imepotea, na hapo huduma kwa wateja haiwezi kukusaidia.

Wati za boksi ni hadithi

Ukiona herufi PMPO kando ya wati, jua hakuna kipimo kimoja kilichokubaliwa cha kuzihesabu. Kila mtengenezaji anajiandikia. Fanya hesabu hii mwenyewe: plagi ya kawaida ya nyumbani hapa Kenya ina fyuzi ya ampea 13, na umeme wetu ni volti 240. Zidisha, unapata wati 3,120. Sasa mashine ya wati 10,000 itakula umeme kutoka wapi?

Geuza mashine usome kibandiko cha nyuma. Huko ndiko huandikwa umeme inaotumia. Kama inatumia wati 60, haiwezi kukupa wati 10,000 za muziki. Uliza wati za RMS, yaani zile ambazo spika inabeba mfululizo bila kuumia. Muuzaji asipojua, tafuta kwenye kitabu cha maelezo.

Hata hizo za kweli zisikutie wazimu. Ukiongeza wati mara mbili, sauti inapanda desibeli 3 tu, tofauti ndogo kwa sikio. Ili usikie kama sauti imekuwa kubwa maradufu, unahitaji karibu mara kumi ya wati. Kwa hivyo kulipa zaidi ili utoke wati 40 hadi 50 ni kununua namba. Debe tupu haliachi kuvuma.

Spika ndogo inatosha nyumba nyingi

Sauti ya mwanamume akiongea huanzia karibu hezi 85. Waya mnene kabisa wa gitaa la kawaida hupiga hezi 82. Spika nzuri ya rafu, yenye koni ya inchi 5 hivi, huweza kushuka hadi karibu hezi 60. Maana yake magitaa ya benga, mwimbaji wa taarabu, mahubiri na mtangazaji wa mpira wote wanaingia humo vizuri. Unachokosa ni ile besi ya chini kabisa, ambayo mara nyingi anayeifaidi ni jirani wa ploti, kupitia ukutani.

Udogo si aibu. Miaka ya 1970 shirika la BBC la Uingereza lilibuni spika ndogo iitwayo LS3/5A, ili mafundi wake wakague sauti ya matangazo wakiwa ndani ya magari, mahali penye nafasi finyu. Hadi leo wapenzi wa muziki wanaisifu. Nyumba ya chumba kimoja au viwili haihitaji mzinga wa uwanjani.

Kabla hujalipa

- Uliza kama amplifaya iko ndani. Kama haipo, itabidi ununue nyingine kando pamoja na nyaya. Piga hesabu ya vyote, usitazame bei ya spika peke yake.
- Beba nyimbo zako kwenye simu. Nyimbo za duka zimechaguliwa kuuza. Sikiliza kwanza mtu akiongea, kwa sauti ya chini. Maneno yakisikika kama yanatoka ndani ya ndoo, ondoka.
- Kama ni mtumba, kagua ule mpira au sponji unaozunguka koni. Sponji huoza kwa miaka hata kama spika haikutumika.
- Angalia volti. Mashine ya Japani hutengenezwa kwa volti 100, ya Marekani kwa 120. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye 240 yetu, unaiunguza. Iliyotoka Uingereza kwa kawaida haina shida hiyo.
- Dai risiti yenye jina la duka na nambari ya kifaa, na waranti iliyoandikwa. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinakupa haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na ya kupewa habari unazohitaji kuzihusu. Bila risiti ni vigumu kudai haki hiyo.

Wakati wa kulipa

Kama uko dukani, lipa kwa nambari ya tili ya duka. Soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Ukiambiwa, "Tuma kwa hii namba yangu, tili inasumbua," subiri tili ipone au uende duka la pili. Pesa ikiingia kwa simu ya mtu binafsi, huna ushahidi mzuri kuwa ulinunua kwa duka lile.

Kama umeona spika mtandaoni, usitume kianzio ili "uwekewe." Spika ije, ichomekwe, ilie, ndipo ulipe. Unaweza kuomba malipo yarudishwe, ndiyo, lakini aliyepokea akishatoa pesa, mara nyingi hakuna cha kurudisha. Hifadhi SMS ya malipo hadi waranti iishe.

Sasa suala la kukopa. Tuseme spika na amplifaya ni shilingi 19,000 taslimu. Muuzaji anakuambia lipa polepole: weka 5,000 leo, kisha 120 kila siku kwa siku 180. Shilingi 120 inaonekana kama pesa ya chai. Lakini 120 mara 180 ni 21,600. Ongeza kianzio, umelipa 26,600. Umetoa 7,600 zaidi kwa sababu ya kutosubiri. Na hiyo 120 ungeiweka akiba kila siku juu ya ile 5,000 uliyonayo, ungefikisha 19,000 kwa siku 117. Miezi minne kasoro siku chache, na spika ni yako bila deni.

Tunajua kuna mikopo inayookoa maisha: karo, hospitali, mtaji wa biashara. Spika haimo kwenye orodha hiyo. Ukimaliza uwezo wako wa kukopa kwa muziki, siku mtoto akiugua utakopa wapi?

Ukifika nazo nyumbani

Weka spika mbili na kiti chako viwe kama pembetatu, spika zikiwa kimo cha masikio. Ukizisogeza karibu na ukuta besi inaongezeka, kwenye kona zaidi. Sakafu ya vigae ikirudisha mwangwi, tandika zulia na ufunge pazia nzito. Hayo yote hayana ada, na mara nyingi hubadilisha sauti kuliko kuongeza elfu tano kwenye bei.

Kwa hivyo wiki hii usiende kununua. Nenda kusikiliza, maduka matatu, na wimbo ule ule. Andika bei taslimu ya kila moja, kisha anza kuweka akiba kwa ile iliyokufurahisha.